Hajawahi kunipiga, ila nikisikia pikipiki yake tumbo linanikata

BARUA

Shikamoo Mama.

Naandika kwa simu ya mwenzangu wa meza ya jirani pale sokoni Kiboriloni, kwa hiyo naomba unijibu humu humu. Usinipigie wala usinitumie ujumbe. Simu yangu inakaguliwa.

Nina miaka 32, niko kwenye ndoa mwaka wa nane, tuna watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine mitatu. Nauza mitumba ya watoto. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa kanisa, hanywi, na kwetu hatujawahi kulala njaa. Nayatanguliza hayo kwa sababu ndiyo ninayoambiwa kila nikifungua mdomo.

Jioni akifika anaweka funguo mezani, ananyoosha mkono. Haongei kitu. Natoa simu nampa. Anaanza na M-Pesa, aone nani kanitumia na nani nimemtumia, anakwenda WhatsApp, anamalizia na namba zilizopiga. Namba asiyoijua anaipigia hapo hapo akiwa ameweka spika. Siku moja ilikuwa ya kaka anayetuletea belo la mitumba. Alipopokea akasema "niambie dada", mume wangu akakata, akanirudishia simu. Baada ya hapo hakusema na mimi wiki mbili. Wiki mbili, Mama, ndani ya nyumba moja. Mboga ikipungua chumvi anamwambia mtoto, "mwambie mama yako mboga haina chumvi," na mimi nimekaa pale pale mezani.

Mwaka juzi alisema tuunganishe hela ili tujenge. Kiwanja kina jina lake. Tangu wakati huo mauzo yote nampa yeye, asubuhi ananipa nauli na ya kula mchana. Nikitaka kufungua belo jipya inabidi nimwombe mtaji ambao nimeutafuta mwenyewe. Mtoto alipokohoa usiku kucha nilinunua dawa ya shilingi elfu nne bila kumwambia, nikaja kutakiwa kujieleza mbele ya mama yake. Kwenye kikoba alinitoa, alisema wale wanawake wananifundisha kiburi. Dada yangu anaishi Arusha, Ngarenaro. Zamani alikuwa anakuja Jumamosi analala, siku hizi haji, kwa sababu akifika mume wangu anajifungia chumbani mpaka mgeni aondoke, na dada akishapanda gari, mume wangu ananigeukia mimi. Hata hiace ya kutoka Kiboriloni hadi kwetu anajua inachukua muda gani.

Krismasi iliyopita tulipopanda Machame, ukoo mzima umekaa, akasema mbele ya mashemeji na mawifi kwamba aliponichukua Marangu sikuwa hata na viatu, na bila yeye saa hizi ningekuwa nauza ndizi barabarani. Watu wakacheka. Usiku nikamwambia yale maneno yameniuma. Akasema hakuyasema, nimeyatunga, niende nikapimwe kichwa. Aliongea kwa utulivu mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli niliyasikia. Siku hizi naandika nyuma ya daftari la mauzo, tarehe na maneno yenyewe, ili nijue siumwi.

Hajawahi kunipiga. Mwezi wa tatu nilibadilisha namba ya siri ya simu nikakataa kumpa. Akapiga ngumi mlango wa chumbani nilipokuwa nimeegemea, mbao ikapasuka karibu na sikio langu. Nilichukua watoto nikaenda nyumbani Marangu. Siku ya nne akaja na baba yake mdogo na wazee wawili, wamebeba isale, lile jani la Wachaga la kuombea msamaha. Aliomba msamaha huku analia. Kwetu isale haikataliwi, nikarudi. Zile wiki tatu, Mama, alikuwa mtu mwingine. Alininunulia kitenge, jioni alikuwa ananiuliza soko limekwendaje, na anasikiliza ninapojibu. Halafu jioni moja akaingia, akaweka funguo mezani, akanyoosha mkono.

Sasa nikisikia pikipiki yake inakata kona tumbo linanikata. Naangalia haraka viatu kama vimepangwa, watoto kama wametulia, simu kama ina chaji.

Mama yangu mzazi anasema mwanaume hakupigi, anakulisha, unataka nini tena, sisi tulivumilia makubwa. Mchungaji alitwambia tuombe pamoja. Mimi nami si malaika, siku moja nilishindwa nikamwita mshamba mbele ya mtoto, na nilijuta. Nikitaja kuondoka ananiambia nitatoka na kanga zangu tu, nyumba na watoto ni vyake.

Huu ni unyanyasaji kweli, au nadeka? Sitaki kuachika. Nataka awe kama zile wiki tatu. Inawezekana?

Mama wa wawili, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Umefanya vizuri kuandika kwa simu ya mwenzako. Soma jibu hili hapo hapo mezani kwake, usilitume kwenye simu yako. Mambo mawili matatu kwenye barua yako nimeyabadilisha ili mtu wa kwenu akisoma asikutambue.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: ndiyo, ni unyanyasaji. Hudeki, wala huna ugonjwa wa kichwa. Na si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 107, inapotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili, uwe wa mwili au wa akili. Wa akili, mwanangu. Walioiandika waliona, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kwamba mtu anaweza kuumizwa ndani ya ndoa bila mwili wake kuwa na alama hata moja.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanya utafiti katika nchi kadhaa kuhusu wanawake na ukatili wa wenzi wao. Hapa kwetu wanawake waliohojiwa walikuwa wa Dar es Salaam na Mbeya, na ripoti ikatoka mwaka 2005. Mbali na kipigo, waliulizwa kama mwenzi huwatukana au kuwadhalilisha mbele za watu, kama huwatisha kwa makusudi, kama huwazuia kuonana na marafiki, kama hupunguza mawasiliano yao na ndugu zao wa kuzaliwa, kama hutaka kujua wako wapi kila saa, kama huwapuuza makusudi, kama hukasirika wakiongea na mwanaume mwingine, kama huwashuku kila mara. Nimeisoma barua yako huku nikiyakumbuka maswali hayo. Karibu yote umeyajibu kabla hujaulizwa.

Kwa hiyo mama yako anaposema "hakupigi", mjibu kwa adabu, maana hakuambii kwa ubaya. Anakupima kwa fimbo aliyoiona yeye. Lakini wewe ujue kwamba kutokupiga si hisani. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mtu hasifiwi kwa kutofanya alichokatazwa, na kutokupiga hakumpi ruhusa ya hayo mengine.

Umeniambia ulimwita mshamba, na naona umelibeba neno hilo kama vile linasawazisha mizani. Halisawazishi. Ulikosea kusema vile mbele ya mtoto, umejuta, basi. Hakuna nyumba isiyo na ugomvi, na wapo wanandoa wanaokwaruzana kila wiki ambao ndoa zao ni nzima kabisa. Huwa naangalia kitu kimoja: ukimkatalia mwenzako jambo, kinafuata nini? Kwenye ndoa nzima kinafuata mjadala, pengine sauti inapanda, pengine mnalala mmegeuziana migongo, na kesho mnatafuta pa kukutania. Kwako wewe, ukikataa kinafuata adhabu. Ulikataa namba ya siri, mlango ukapasuka. Kaka wa belo akapiga simu, ukanyimwa sauti wiki mbili. Dada anakuja, unalipa. Kisha jiulize nani anamwogopa nani. Yeye akisikia hatua zako mlangoni tumbo linamkata? Anapanga viatu haraka kabla hujaingia? Woga wa upande mmoja unaniambia zaidi kuliko idadi ya magomvi.

Kuhusu kununa, wengi watakwambia ndivyo wanaume walivyo. Siafiki. Mtu mwenye hasira ana haki ya kunyamaza apoe, tena ni busara. Lakini anayetaka kupoa husema, "niache kwa leo, tutaongea kesho," na kesho anaongea. Kimya cha wiki mbili ambacho hakiishi mpaka wewe ujinyenyekeze kwa kosa usilolijua, hicho ni kiboko. Na pale mtoto anapotumwa kukwambia habari ya chumvi ilhali umekaa hapo, anafundishwa jinsi mke anavyoongeleshwa. Hilo unaweza kulikomesha kuanzia leo bila ugomvi wowote. Mtoto akija na ujumbe, mwambie kwa upole, "asante mwanangu, endelea kula, baba ataniambia mwenyewe." Usimtume naye jibu.

Kikoba kimeniuma kuliko simu, na nitakwambia kwa nini. Watu wanadhani kikoba ni hela za kukopeshana. Kumbe pale kuna wanawake kumi na tano au ishirini wanaouona uso wako kila wiki. Wakiona umekonda wanauliza. Usipofika wanapiga simu. Mume wako alipokutoa alisema ni kiburi, lakini alichokuondolea ni mashahidi. Angalia na mengine yalivyofuatana: dada hafiki, hela huna, muda wa hiace unahesabiwa, mashemeji wameshazoea kukucheka. Mtu akishazungukwa namna hiyo, akiambiwa "hukusikia vizuri, nenda ukapimwe", ataamini, maana hana wa kumuuliza. Ndiyo sababu daftari lako ni la maana sana. Endelea kuandika: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Ila usilirudishe nyumbani. Mwachie mwenzako wa meza alitunze pamoja na mali yake.

Sasa niingie kwenye isale, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu najua ni jambo zito kwenu na silichezei. Mtu wa Kilimanjaro akiletewa jani lile anajua kwamba ugomvi unatakiwa kuishia hapo. Ulilipokea, ulifanya kama ulivyolelewa, na hakuna haja ya kujilaumu. Lakini uliposamehe, ulisamehe mlango uliopasuka na maneno ya Machame. Hukusamehe mapema mambo ambayo bado hajayafanya. Wala hukuahidi kutoa simu kila jioni. Anayeomba msamaha kwa isale na yeye anafungwa nalo. Halikuja peke yake, lilikuja na baba mdogo na wazee wawili waliokaa sebuleni kwa baba yako wakasikia ahadi. Wazee hao unaweza kuwarudia. Mpitishie baba yako ujumbe, au mjomba unayemwamini, awaambie: yale mliyoyasikia hayakutimizwa. Ni haki yako, na nadhani ni haki ya isale lenyewe.

Zile wiki tatu nazielewa, na naelewa unavyozitamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliyewahoji wanawake wengi walioishi na waume wanyanyasaji, alieleza mwaka 1979 jinsi mambo yanavyojizungusha katika nyumba za namna hiyo. Kwanza presha inapanda kidogo kidogo, mke anatembea kwa kunyata. Halafu kunalipuka. Halafu unakuja utulivu, machozi, zawadi, ahadi. Kisha presha inaanza upya. Si kila nyumba inafuata mpangilio huo, ila ya kwako nimeiona humo. Na ugumu wake ni kwamba utulivu ule si wa uongo. Inawezekana kabisa machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini kitenge na machozi havikubadilisha imani aliyonayo, kwamba simu yako, hela yako na muda wako ni vyake. Imani hiyo ilikaa wiki tatu ikingoja.

Umeniuliza kama anaweza kuwa vile siku zote. Wapo wanaobadilika, sitakunyima tumaini hilo. Ila dalili zake si zawadi. Anayebadilika anataja alichofanya kwa jina lake bila kumalizia na "lakini na wewe". Anakubali kwamba utachukua miezi kumwamini, na hakudai uharakishe. Anatafuta msaada mwenyewe bila kusukumwa na wazee. Na ukimkatalia jambo dogo, analimeza. Hiyo ndiyo ya kuangalia. Kazi hiyo ni yake, mwanangu, huwezi kumfanyia kwa kuwa mpole zaidi. Miaka minane umekuwa mpole.

Mchungaji alishauri kwa nia njema, na maombi siyapingi. Lakini kikao cha wawili, pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kina hatari yake: utakachosema mbele ya mshauri utakilipia mkifika nyumbani. Omba kumwona mchungaji peke yako, au mke wake kama ni mtu wa kutunza siri, umweleze habari ya mlango. Wengi wao hawajui habari ya mlango. Ushauri wa pamoja uje baadaye, woga ukishapungua na yeye akiwa ameanza kufanya kazi yake.

Kuhusu kutoka na kanga tu, anakutisha kwa kitu ambacho sheria imeshakijibu. Kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake pekee. Na ikifika mahakamani, kifungu cha 114 kinazungumzia kugawana mali iliyopatikana kwa jasho la wote wawili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango wa kupata mali. Wewe mbali na kupika na kulea umeingiza na hela ya mitumba, na daftari la mauzo linalo. Watoto nao si vyombo vya ndani kwamba ni "vyake". Mahakama hutanguliza ustawi wa mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kudhani ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wako wote wawili bado hawajafika umri huo.

Sikuelezi hayo ili uachike. Umesema hutaki, na uamuzi ni wako, si wangu wala wa dada yako. Nakueleza kwa sababu mwanamke anayejua kwamba hatatoka na kanga tu, anakaa kwenye ndoa yake kwa namna nyingine.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Mpigie dada yako kwa simu hiyo hiyo ya mwenzako, umwambie yote, pamoja na ngumi ya mlangoni. Usimpunguzie kwa aibu. Mficha uchi hazai. Mwambie pia huyo mwenzako wa mezani, maana yeye ndiye aliye karibu. Mkubaliane neno la kawaida kabisa, ambalo ukilitamka kwenye simu watajua unahitaji kufuatwa.

Halafu anza kurudisha hela mikononi mwako, taratibu. Usitangaze. Kiasi kidogo cha mauzo kiwe kinabaki kwa mwenzako kama mtaji wa belo lako. Si wizi. Ni jasho lako, na ni nauli ya kukufikisha Marangu au Arusha usiku kama itabidi.

Unapoona hali imetulia, wala si siku ya mlipuko, na kuna watu wasio mbali, unaweza kumjaribu kwa jambo moja lenye mipaka. Usimwambie "unaninyanyasa", atasikia shtaka na mtaishia kubishania neno. Mwambie, "nataka kurudi kikoba, kinakutana mara moja kwa wiki, nitakuwa nafika nyumbani saa kumi na mbili." Basi. Tazama kinachofuata. Akikubali kwa kunung'unika, kuna mahali pa kuanzia. Akikuadhibu, umepata jibu la swali lako la mwisho, tena kutoka kwake mwenyewe. Na kama moyo unakwambia hata hilo dogo litaleta ngumi nyingine, usilijaribu. Moyo wako unamjua kuliko mimi.

Umeniambia unataka awe kama zile wiki tatu, yaani unatamani nyumba yenye uwiano, ila inaonekana hujaikalia muda mrefu kiasi cha kuijua. Mume anajua mke anaingiza kiasi gani na mke anajua cha mume. Cha pamoja kinapangwa pamoja, ada, ujenzi, michango ya ukoo, na kila mmoja anabaki na kidogo asichokitolea maelezo. Simu inaweza kuachwa mezani bila mtu kuigusa, si kwa sababu kuna siri ndani yake bali kwa sababu hakuna mlinzi. Ndugu wa pande zote mbili wanakaribishwa chai. Mbele ya mashemeji mnalindana, hata kama njiani mlikuwa mmenuniana. Mtu anapokosea anasema nimekosea, kabla wazee hawajapanda gari. Nyumba za hivyo zipo Moshi, zipo Pasua na Majengo na huko milimani, na hazikai kwa watu wenye bahati peke yao. Zinakaa kwa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana.

Nawajibu pia wanaume mnaosoma, kwa sababu baadhi yenu mnapitia haya haya kutoka kwa wake zenu: kutukanwa kipato mbele ya watoto, kukaguliwa, kutenganishwa na mama mzazi. Kifungu cha 107 hakijasema ukatili ni wa mume tu. Nanyi semeni.

Na wewe, mama wa wawili, nisikilize kwa hili la mwisho kuliko yote. Ngumi mlangoni, karibu na kichwa chako, ni onyo. Akikushika shingo hata mara moja, akitaja kukuua au kujiua, akionyesha panga au kisu, akiwazuia watoto usiondoke nao, hapo hatuzungumzii tena kikoba. Ondoka siku hiyo. Kitambulisho chako cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, au nakala zake, viwe vimeshafika kwa mwenzako au kwa dada. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, uliza hilo kwa jina lake ukifika mapokezi, na huhitaji kuwa na jeraha ili usikilizwe. Ukiwa na jeraha omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ila kama ni kubwa kimbilia matibabu kwanza. Manispaa kuna afisa ustawi wa jamii. Hapo hapo Moshi kuna shirika la KWIECO, linalowasaidia wanawake kwa msaada wa kisheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko kwenye jamii. Kukaa nao ukaelezwa haki zako hakukufungulii shauri lolote. Kama usingizi umekatika, hamu ya kula imeisha na unajisikia kulia bila sababu, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, eleza kama ulivyonieleza mimi. Hapo huendi kupimwa kichwa kama alivyosema yeye. Unakwenda kwa sababu miaka minane ya woga inachosha mwili wa mtu yeyote.

Ukishaongea na dada yako, niandikie tena kwa simu hiyo hiyo uniambie mmekubaliana nini. Lakini likitokea lolote kati ya yale niliyoyataja, usikae kungoja jibu langu. Nenda Dawati, barua utaniandikia ukiwa salama.